Masomo ya Shule ya Kati Katika Meru na Nafasi ya Lugha, 1949 hadi 2025

Katika soko la Gakoromone, mjini Meru, ndizi, viazi, maharagwe na kabichi huuzwa kwa lugha zaidi ya moja. Muuzaji aliyeteremka kutoka Imenti huafikiana na mwenziwe kwa Kimeru. Mnunuzi aliyetoka Isiolo au Nairobi huitikiwa kwa Kiswahili. Na hesabu ya fedha mara nyingi hutajwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza hata katikati ya sentensi ya Kimeru. Mtoto anayemsaidia mama yake hapo siku ya Jumamosi huzimudu lugha hizo bila kufundishwa na mtu. Siku ya Jumatatu mtoto huyo huyo, akiwa na umri wa miaka 12 hadi 15, huingia darasani, na humo lugha zake hupangwa upya: moja ya kusomea kila kitu, nyingine ya kusomwa kama somo, na ya tatu ya kuachwa nje ya mlango.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mpango huo ulivyofikiwa. Ngazi inayochunguzwa ni ile iliyo kati ya madarasa ya chini ya shule ya msingi na shule ya sekondari kamili. Imepewa majina mengi. Wakati wa ukoloni iliitwa shule ya kati. Baadaye ikawa ni madarasa ya juu ya shule ya msingi tu, bila jina lake lenyewe. Na tangu mwaka 2023 inaitwa Sekondari Msingi, Gredi ya 7 hadi ya 9. Katika vipindi vyote hivyo tume ziliundwa na ripoti zikaandikwa juu ya masomo yanayomfaa mtoto wa umri huo. Lakini historia ya masomo hayo katika Meru na Embu yaonyesha kwamba kilichofundishwa hasa hakikuamuliwa na ripoti. Kiliamuliwa na karatasi ya mtihani. Hapana mahali panapodhihirisha jambo hili kuliko katika masomo ya lugha.

Serikali ya kikoloni ilifungua kituo chake Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Wamisionari wa Consolata waliingia nchi ya Meru mwanzoni mwa miaka ya 1910. Wamethodisti walianza kazi Kaaga, kando ya mji, mwaka 1912. Na wamisionari wa Kanisa la Skoti wakafungua Chogoria mwaka 1922. Kila misheni ilikuja na mawazo yake juu ya lugha ya vitabu. Chogoria na katika Embu, vitabu vya Kikuyu vilitumika sana, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwapo na vilieleweka kwa kiasi fulani. Wamethodisti wa Kaaga walielekea kwenye Kimeru cha Imenti, nacho ndicho kilichotangulia kupata maandishi mengi: Agano Jipya lilitolewa mwaka 1952 na Biblia nzima mwaka 1964. Mtoto wa Tharaka au wa Igembe aliyefundishwa kusoma Kimeru kwa kweli alifundishwa kusoma Kiimenti, jambo ambalo waandishi wengi wa siasa ya lugha hulipita haraka mno wanaposema "lugha ya mama."

Kiswahili nacho hakikuwa kigeni kabisa. Misafara ya pembe za ndovu ilikuwa imepita pembezoni mwa nchi hiyo katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na kituo cha serikali kilikuja na askari, makarani na wafanyabiashara waliokitumia. Ushahidi ulio bora zaidi wa heshima yake ni mswada wa Mchungaji Philip M'Inoti, mmoja wa Wamethodisti wa mwanzo wa Meru, alioupa jina la "Asili ya Wameru na Tabia Zao." Mmeru mwenyewe, akitaka kuwaandikia wengine habari za watu wake, alichagua Kiswahili. Wataalamu wa historia ya Meru wameutumia mswada huo mara nyingi, lakini wanafunzi wa shule za kati hawakupata kuuona darasani.

Tume ya Phelps-Stokes, iliyopita Kenya mwaka 1924, ilihimiza elimu inayolingana na mazingira: kilimo, afya, kazi za mikono, na lugha ya nyumbani katika madarasa ya mwanzo. Mawazo hayo yalikaa katika vitabu vya Idara ya Elimu kwa robo karne kabla hayajapata umbo kamili la shule. Umbo hilo lilitolewa na kamati iliyoongozwa na Leonard Beecher, iliyotoa ripoti yake mwaka 1949. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, elimu ya Mwafrika iligawanywa katika vipande vitatu vya miaka minne minne: shule ya msingi, shule ya kati, na sekondari. Mwishoni mwa darasa la nne palikuwa na mtihani wa kuchuja, na mwishoni mwa darasa la nane palikuwa na mtihani uliojulikana kwa kifupi cha KAPE. Kwa hiyo shule ya kati ilikuwa na mlango mwembamba mbele na mlango mwembamba zaidi nyuma.

Yaliyofundishwa humo yalikuwa Kiingereza, hesabu, historia, jiografia, maarifa ya viumbe na afya, dini, kazi za mikono, na kilimo. Wasichana walifundishwa mapishi na ushonaji. Kilimo kilipewa uzito wa pekee. Shule ilitakiwa kuwa na shamba, na mwanafunzi alitakiwa kushika jembe. Nia ya wakuu wa elimu ilikuwa kumtayarisha kijana arudi shambani akiwa na maarifa. Wazazi waliiona nia hiyo na wakaishuku. Mtu wa Imenti aliyekuwa akiuza mbuzi ili alipe karo hakumpeleka mtoto wake shule akafundishwe kulima. Jembe lilikuwapo nyumbani. Alimpeleka akapate Kiingereza na hesabu, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyofungua mlango wa sekondari na wa kazi ya mshahara. Shaka hiyo haikuwa ya ujinga. Watoto wa Wazungu katika nchi ile ile hawakupewa shule yenye shamba la lazima.

Thamani ya shule ya kati ilipanda juu zaidi kwa sababu ya siasa. Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria ulifanywa Machi 1957, kwa masharti ya kura yaliyotokana na mapendekezo ya Walter Coutts. Kumaliza shule ya kati kulikuwa mojawapo ya sifa zilizomwezesha mtu kupiga kura, na elimu ya juu zaidi ilimwongezea kura. Katika Mkoa wa Kati, chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa pia kuthibitisha utiifu wao. Aliyeshinda huko alikuwa mwalimu kutoka nchi ya Meru, Bernard Mate, aliyemwangusha Eliud Mathu. Cheti cha darasa la nane, basi, hakikuwa karatasi ya shule tu. Kilikuwa sehemu ya uraia wenyewe.

Yafaa hapa kutazama jirani. Tanganyika nayo ilikuwa na shule za kati za miaka minne, zilizokusudiwa kuelekea kilimo vile vile, na wazazi wa huko walizilalamikia kwa sababu zile zile. Tofauti ilikuwa katika lugha. Mtoto wa Tanganyika alifika shule ya kati akiwa amekwisha kusoma kwa Kiswahili, na baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 lugha hiyo ikawa ya kufundishia shule nzima ya msingi. Mtoto wa Meru alifika akiwa amesoma kwa Kimeru au Kikuyu, akakutana na Kiingereza, na kati ya hizo mbili Kiswahili kikawa kama abiria asiye na kiti.

Kiti hicho kiliondolewa makusudi. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, iliyotoa ripoti yake mwaka 1955, ilishikilia kwamba kumfundisha Kiswahili mtoto aliyeanza kwa lugha nyingine, huku akijifunza Kiingereza kama lugha ya tatu, ni kupoteza wakati na nguvu. Hukumu hiyo ilitolewa wakati ambapo Kiswahili kilikuwa kimeanza kuwa lugha ya kuunganisha watu wa makabila mbalimbali mijini na katika vyama vya wafanyakazi, na si rahisi kuamini kwamba jambo hilo halikuwa akilini mwa watawala. Mwaka 1957 kituo maalumu kilianzishwa Nairobi kutayarisha njia mpya ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Njia hiyo ilianzia katika shule za watoto wa Kihindi, kisha ikaenea hadi shule za Waafrika katika miaka ya mwanzo ya 1960.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, wengi walitazamia kwamba Kiswahili kingerudishwa. Tume ya Elimu ya Kenya chini ya uenyekiti wa Profesa Simeon Ominde, iliyotoa ripoti yake ya kwanza mwaka 1964, ilikubali Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, ikapendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi, na ikaziachia lugha za nyumbani kipindi cha hadithi katika madarasa ya chini. Shule ya kati yenyewe ilifutwa. Miaka yake iliunganishwa na ile ya chini ikawa shule ya msingi ya miaka saba. Kwa maandishi, basi, Kiswahili kilikuwa kimepata ushindi.

Kwa vitendo hakikupata. Mtihani wa Cheti cha Elimu ya Msingi, uliojulikana kama CPE, ulioanza katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, hisabati, na karatasi ya maarifa ya jumla iliyochanganya historia, jiografia na sayansi. Kiswahili hakikuwamo. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache na watahiniwa walikuwa wengi, hasa baada ya karo ya madarasa manne ya kwanza kuondolewa mwaka 1974. Mwalimu mkuu alipimwa kwa idadi ya watoto aliowapeleka kidato cha kwanza. Kwa hiyo kipindi cha Kiswahili kilibaki kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, nacho ndicho kilichokuwa cha kwanza kuazimwa na hisabati mtihani ulipokaribia. Walioazima hawakurudisha. Muziki, sanaa, kazi za mikono na hata kile kilimo kilichopiganiwa na Beecher vilipatwa na msiba huo huo.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Rais Jomo Kenyatta aliamuru mwaka 1974 Kiswahili kitumike Bungeni. Watu walikizungumza sokoni Gakoromone na katika mabasi ya kwenda Nanyuki. Redio ilikitangaza kila siku. Lakini kijana aliyemaliza darasa la saba katika miaka hiyo aliweza kutoka shuleni bila kuandika insha moja ya Kiswahili iliyosahihishwa kwa makini. Wala Kimeru hakikufaidika na pengo hilo. Taasisi ya Elimu ya Kenya ilitoa mfululizo wa vitabu vya kusomea vya "Tujifunze Kusoma Kikwetu" katika lugha nyingi za nchi, Kimeru kikiwamo, lakini vilikuwa vya madarasa matatu ya mwanzo. Baada ya hapo lugha ya nyumbani ilikoma.

Kamati iliyoongozwa na Peter Gachathi, mwaka 1976, ilirudia jambo ambalo walimu walikwisha kulijua: Kiswahili kifundishwe kwa lazima na kitahiniwe. Ilipita karibu miaka kumi kabla ya neno hilo la mwisho kutimizwa, na hata hapo lilitimizwa kwa sababu nyingine. Ripoti ya Colin Mackay ya mwaka 1981 ilihusu hasa kuanzishwa kwa chuo kikuu cha pili. Ndani yake ndimo ulimotoka mfumo wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Darasa la nane lilirudi Januari 1985, na mwisho wa mwaka huo mtihani mpya wa KCPE ukafanywa. Kiswahili kilikuwamo, kikiwa na karatasi ya lugha na insha ya kuandikwa kwa mkono.

Mageuzi yaliyofuata yalikuwa ya haraka kuliko ripoti yoyote ilivyoweza kuyaleta. Walimu waliokuwa wakiazima kipindi cha Kiswahili sasa walikilinda. Vitabu vya "Masomo ya Msingi" vya Taasisi ya Elimu vilifika madarasa ya mashambani. Methali, ngeli na nahau vikawa mazungumzo ya watoto njiani. Watoto wa bara, pamoja na wale wa Meru, walianza kupata alama za Kiswahili zisizopungua za wenzao wa pwani, na mara nyingine kuzipita, kwa kuwa walikisoma kama somo la kufaulu na si kama lugha ya nyumbani. Wapo wanaobeza Kiswahili hicho kwamba ni cha vitabu. Ni cha vitabu kweli. Lakini lugha isiyokuwa na kitabu ndiyo iliyokuwapo kabla, na haikumfikisha mtoto mbali.

Masomo mengine ya mfumo huo hayahitaji kuelezwa kwa urefu. Kilimo, sanaa na ufundi, sayansi kimu, muziki na biashara vilirudishwa vyote kwa pamoja, na wazazi wakaambiwa wajenge karakana. Mzigo ulikuwa mkubwa kupita uwezo wa mtoto na wa mfuko wa mzazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya kutahiniwa yalipunguzwa yakawa matano: Kiingereza, Kiswahili, hisabati, sayansi, na maarifa ya jamii pamoja na dini. Mara tu yale mengine yalipoondolewa katika mtihani, karakana zikawa ghala. Hilo lilikuwa somo la CPE likirudiwa neno kwa neno.

Mtaala wa umilisi ulianza kujaribiwa mwaka 2017 na kuenezwa tangu mwaka 2019. Gredi ya 7 ya kwanza iliingia Januari 2023, na mtihani wa mwisho wa KCPE ukafanywa mwaka huo huo. Mpango wa awali wa Sekondari Msingi ulikuwa na masomo ya lazima kumi na mawili na mengine ya kuchagua, na miongoni mwa hayo ya kuchagua zilikuwamo lugha za asili. Jopo lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu lilipendekeza mwaka 2023 kwamba madarasa hayo yakae katika shule za msingi na masomo yapunguzwe. Yalipunguzwa yakawa tisa: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, hisabati, sayansi iliyounganishwa, maarifa ya jamii, dini, kilimo na lishe, maarifa ya awali ya ufundi, na sanaa pamoja na michezo. Lugha za asili hazimo. Msomaji atambue kwamba orodha hii, ukiondoa Kiswahili kilichopata kiti chake, si mbali na ile ya shule ya kati ya Beecher. Hata jembe limerudi.

Kupunguza kulihitajika, walimu walikuwa wachache, na mwalimu mmoja alijikuta akifundisha masomo ambayo hakusomea. Lakini kilichoondolewa ni kipi? Chukua jina la Gakoromone lenyewe. Kiambishi chake cha mwanzo ni kile cha udogo, ka-, ambacho hugeuka kuwa ga- kinapofuatwa na silabi inayoanza kwa konsonanti isiyo na ghuna. Ndiyo sababu majirani zake wanaitwa Gatimbi lakini Kanyakine, na kwa kiambishi cha ki-, Githongo lakini Kinoru. Wanaisimu huiita kanuni hii kwa jina la Dahl na huifundisha vyuo vikuu. Mtoto wa Gredi ya 8 anaitii kila siku bila kukosea hata mara moja, na angeweza kuigundua mwenyewe kwa ubao wa majina ya vituo vya matatu na nusu saa ya mwalimu mwangalifu. Hapana somo la sayansi lililo rahisi hivyo kwa gharama, wala lililo karibu hivyo na mtaala unaodai kumfundisha mtoto kutazama, kulinganisha na kueleza.

Kuna jambo la pili, zito zaidi. Umri wa shule ya kati ndio umri wa jando. Kwa miaka mingi wavulana wengi wa Meru walitahiriwa katika likizo ya Desemba baada ya mtihani wa darasa la nane, hivi kwamba mtihani na tohara vilikuwa mlango mmoja. Mafundisho ya wakati huo, yahusuyo mwili, ukoo, heshima na wajibu, yalitolewa kwa Kimeru. Mtihani wa darasa la nane umeondoka, na alama hiyo ya wakati imeondoka nao. Maarifa ya jamii yana mada za tamaduni, familia na uraia zinazogusa mambo hayo hayo, lakini yanasomwa kwa Kiingereza, kwa maneno ambayo mtoto hawezi kuyarudia mbele ya babu yake. Mvulana hufundishwa mara mbili mambo yanayofanana, kwa misamiati miwili isiyokutana.

Katiba ya mwaka 2010 iliweka Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Tena inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za watu wa Kenya. Tathmini ya kwanza ya Gredi ya 9 ilifanywa mwishoni mwa mwaka 2025, na Kiswahili kilitahiniwa humo kama ilivyotarajiwa. Kimeru, Kiembu na Kitharaka havina karatasi katika ngazi hiyo. Kwa kawaida kitabu cha mwisho cha Kimeru anachopewa mtoto na shule ni cha Gredi ya 3. Anapomaliza Gredi ya 9 amekaa miaka sita bila kusoma ukurasa wa lugha hiyo darasani, na kama bado anaisoma, anaisoma kanisani siku ya Jumapili, katika Biblia ya mwaka 1964.